Ofisi ya Uhuru wa Kuona

Nchi yetu ya Shwari ina uhuru wa kila aina, na kila uhuru una ofisi yake ili usipotee. Uhuru wa kusema uko ghorofa ya kwanza, karibu na askari. Uhuru wa kukusanyika uko ghorofa ya pili, katika chumba chenye kiti kimoja. Uhuru wa kuabudu uko ghorofa ya tatu, na mimi ndiye afisa wake. Lifti iliharibika siku ya uzinduzi, lakini Baba Mlezi wa Taifa alieleza katika hotuba yake kwamba mwananchi anayeutaka uhuru kwelikweli hawezi kushindwa na ngazi.

Naitwa Mahfudhi Kilongola. Sina mke wala mtoto, nina meza inayofungwa kwa ufunguo na picha ya Baba Mlezi ukutani. Sisemi haya kwa kulalamika. Wageni wanaotutembelea huusifu sana utulivu wetu. Huona mitaa iko kimya, watu wanatembea mmoja mmoja, hakuna anayemkimbilia mwenzake kumshika bega, na huuliza tumefanyaje. Sisi huwajibu kwamba tulianza na majina.

Zamani watu wa Shwari walikuwa na majina ya nyumbani. Mtoto alipewa jina la cheti, kisha mama, shangazi na majirani wakamtafutia jingine kutokana na vituko vyake. Ungemkuta mkuu wa shule, mtu na ndevu zake, akifika kwao anaitwa Mlamba Sufuria, naye anaitika. Serikali iliona hatari iliyokuwepo. Adui mwenye majina mawili atakamatwa kwa lipi? Ikapitishwa Sheria ya Jina Moja, na tangu hapo kila mtu huitwa kama alivyo kwenye kitambulisho, majina yote matatu, hata na mkewe, hata kitandani. Watoto walifundishwa shuleni kuwaripoti mama zao. Mimi nililisahau jina langu la nyumbani mapema kuliko darasa zima, nikapewa kalamu ya zawadi. Ilikuwa kalamu nzuri.

Baadaye ikaja Sheria ya Vichwa Safi. Hii inamkataza mwananchi kuona kitu ambacho hakipo, na pia kuona kitu ambacho kipo kabla hakijatangazwa. Kwa hiyo mizizi, majani na uyoga wowote wa kumfungua mtu macho ulipigwa marufuku. Pombe iliruhusiwa, kwa sababu mlevi haoni kitu kipya. Huona vilevile vya jana, ila viwili viwili. Isitoshe, kiwanda cha bia ndicho kilichotoa ngoma za gwaride.

*

Asubuhi moja alipanda ngazi mwanamke mzee aliyejifunga kanga iliyofuliwa mpaka maandishi yakafutika. Mkononi alikuwa na ukili anausuka huku anapanda, maana kazi yake ilikuwa kushona mikeka. Alikaa kwenye kiti cha wageni kabla sijamkaribisha, akahema, kisha akanitazama kama anayemtazama mtoto wa jirani aliyekua ghafla.

"Weye ndiye Serikali?"

"Mimi ni afisa wa Serikali, mama. Dawati la Uhuru wa Kuabudu."

"Haya, Serikali, nipe maji ya kunywa, kisha tuzungumze."

Nilimpa maji. Baadaye nilitafuta katika kanuni kama afisa anaruhusiwa kumpa mwananchi maji, sikuona palipokatazwa. Aliniambia anaitwa Kidawa Makame Shengo, na kwamba amekuja kuomba ruhusa ya kunywa mtambuzi. Nilishtuka. Mtambuzi ni mti wa porini, na mizizi yake ikichemshwa humfanya mnywaji aone. Upo wa kwanza kabisa katika orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku.

"Mama, hilo ni kosa."

"Najua ni kosa. Ndiyo maana nimekuja kuomba. Ningekuwa mjanja si ningekunywa tu nyumbani kwangu?"

Kisha akanieleza. Yeye ni Mwitikaji. Waitikaji hawana jengo wala kitabu. Wanachoamini ni kwamba maiti ni kama mgeni: hawezi kuondoka mpaka mwenyeji ainuke amsindikize. Mtu akifiwa, arobaini ikishapita, huchemsha mtambuzi, akanywa mchana kweupe, akakaa juu ya mkeka macho wazi. Hapo hukutana na maiti wake, wakasemezana yaliyokuwa hayajasemwa, naye akamsindikiza mpaka mlangoni. Asiposindikizwa, maiti hubaki ameketi kizingitini, viatu vyake mkononi.

"Dada yangu Mize kafa," alisema. "Arobaini imepita zamani. Yuko pale anangoja, na weye unajua mtu wa heshima hawezi kuondoka bila kuagwa. Miye silali vizuri, Serikali. Nikila najiona miye nakula na yeye kakaa mlangoni."

Nilimwuliza kwa nini wenzake wa imani hiyo hawakuja naye.

"Wenzangu? Nilobaki ni miye."

Akanieleza jambo jingine, na hili naliandika polepole kwa sababu ndilo lililonifika baadaye. Anayekunywa mtambuzi hanywi peke yake. Lazima awepo mwitaji, mtu asiyekunywa, anayekaa kando na kumwita arudi. Huko aendako mtu ni kuzuri, hukaa akasahau kwamba ana mwili, na mwili ukisahauliwa sana huzimika. Jina la cheti halifiki huko. Linalofika ni la nyumbani.

"Na jina lako la nyumbani ni lipi?" nikauliza, kalamu mkononi, maana hata kuwa nalo tu kulikuwa kosa la pili.

"Mtu hajitaji. Jina la nyumbani ni la kinywa cha mwenzio. Ukilitoa mwenyewe linakufa. Alokuwa akilijua ni Mize, naye ndiye alofia mikononi mwangu."

"Sasa ukinywa, nani atakuita?"

Alimaliza kwanza mkunjo mmoja wa ukili. "Hilo sijui. Lakini siwezi kumwacha dada yangu mlangoni kwa sababu miye naogopa."

*

Kanuni zangu hazikuwa na ukurasa wa mtu anayeomba. Nilimpeleka polisi, nao wakamrudisha, kwa kuwa hawakujua wamshtaki kwa kosa gani na hajanywa bado. Walimshauri anywe kidogo. Alikataa, akisema hanywi mtambuzi kituoni kati ya wezi wa kuku. Akapandishwa ngazi na kuteremshwa mpaka jambo likafika Baraza la Uhuru, ambalo lilikuwa halijakutana tangu liundwe kwa kukosa mtu mwenye shida.

Alimtetea Wakili Zamoyoni, binti aliyekuwa ametoka chuoni juzi na hakuna aliyekuwa amemwambia kesi zipi wakili hawezi kuzishinda.

"Waheshimiwa," alisema Zamoyoni, "mama huyu hamwibii mtu, hampigi mtu wala hamlazimishi mtu. Anataka kukaa juu ya mkeka alioushona mwenyewe, mchana, amuage dada yake kama alivyofundishwa na mama yake. Hiyo ni ibada, na Katiba inasema ibada ni huru. Na hata isingekuwa ibada, kichwa ni chake. Kama Serikali inaingia mpaka humo, mwananchi atakaa wapi peke yake?"

Mwenyekiti alitabasamu kwa huruma. "Binti yangu, katika Shwari hakuna mwananchi anayeachwa peke yake."

Ukumbi ulipiga makofi. Kisha akaitwa Mpimaji Mkuu wa Serikali, aliyetundika ukutani ramani kubwa ya kichwa cha binadamu yenye mipaka na vigingi.

"Kwa mujibu wa sheria zetu za ardhi," alisema, akionyesha kwa fimbo, "mwananchi anamiliki kilicho juu. Kilicho chini, yawe mafuta, iwe dhahabu, ziwe fikra, ni mali ya Taifa. Mama huyu ana haki kamili ya nywele zake. Azisuke, azinyoe, azitie hina, hakuna atakayemgusa. Akitaka kuchimba zaidi ya hapo ni lazima apate leseni ya madini."

Zamoyoni akauliza kuhusu ndoto. Je, anayeota naye anachimba bila leseni? Baraza lilinong'onezana kwa muda. Mwenyekiti alitoa uamuzi kwamba ndoto ni ajali, na Serikali haimwadhibu mtu kwa ajali, ila mwenye ajali za mara kwa mara atafuatiliwa.

Akafuata Msajili wa Dini. Alitaja masharti ya dini kusajiliwa: bango, mwenyekiti, mweka hazina na mgogoro wa uongozi. "Dini isiyo na mgogoro haijakomaa," alisema. "Na dini ya mtu mmoja si dini. Ni tabia."

"Baba," alisema Bi Kidawa bila kuacha kusuka, "nimebaki peke yangu. N'tagombana na nani?"

Wa mwisho alikuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Dini Zilizosajiliwa, mzee mwenye sauti nzuri sana. "Nimeongoza ibada maisha yangu yote," alisema, "na sijawahi kuona kitu. Waumini wangu nao hawajaona. Leo aje mtu mmoja aone? Hiyo itakuwa dharau kwa sisi tuliokaa kwa subira." Sauti ilimkatika kidogo aliposema hivyo, akaketi, na kwa kitambo alikuwa anaangalia viganja vyake.

Bi Kidawa aliulizwa kama ana la kuongeza. Alisimama. "Nyinyi mnazungumza kichwa changu. Miye nazungumza dada yangu. Anangoja."

Kesi iliahirishwa mpaka itakapotangazwa tena, neno ambalo kwetu lina maana ya kwenda kuzikwa.

*

Ikatokea bahati. Ujumbe wa nchi rafiki ulituma salamu kwamba unakuja kukagua uhuru wetu, na safari hii hawakutaka kuonyeshwa ofisi. Walitaka kuona uhuru mmoja ukitumika. Waziri wetu wa Mambo ya Ndani Kabisa, Mheshimiwa Kinguvi, alizunguka ghorofa zote akitafuta. Kila uhuru aliukuta mahali pake, safi, haujaguswa na mtu. Maombi yaliyokuwepo katika nchi nzima yalikuwa ya Bi Kidawa peke yake.

Sheria ya Uhuru wa Kuona ilipitishwa mchana mmoja, wabunge wakiwa wamesimama. Mpimaji Mkuu aliikunja ramani yake, na Msajili aligundua kwamba mtu mmoja mwenye mawazo mawili anaweza kuhesabiwa mgogoro. Redio ilitangaza kwamba Serikali, kwa upendo wake, imewarudishia wananchi ndani ya vichwa vyao. Wakili Zamoyoni alikuja ofisini kwangu akilia kwa furaha, kisha akasoma masharti akaacha kulia.

Sharti moja lilisema mnywaji atazame kwanza picha ya Baba Mlezi, ili akiona kitu kikubwa ajue kinafanana na nani. Jingine lilisema asiende mbali kuliko mipaka ya Jamhuri. Sharti lililonihusu lilisema hakuna atakayekunywa bila Mwitaji wa Serikali, aliyefuzu na mwenye sare. Kwa kuwa ombi la Bi Kidawa lilipitia mezani kwangu, niliteuliwa mimi.

Nilihudhuria semina katika hoteli moja yenye zulia. Mada ilikuwa "Wito kama Nyenzo ya Maendeleo". Tulikunywa chai, tukala sambusa, tukafundishwa kushika kipaza sauti. Mkufunzi alisema mwananchi aitwe kwa majina matatu, kwa sauti ya wastani, akifuatiwa na namba ya kitambulisho. Niliinua mkono nikauliza itakuwaje asipoitika. Mkufunzi alinitazama kwa mshangao akasema Serikali haijawahi kuita mtu asiitike.

Siku hiyo jioni nilikwenda kwa Bi Kidawa na kumwambia ukweli, kwamba sijui kumwita.

"Basi usinywe," nikasema. "Sheria imeshapita. Uhuru wako upo. Unaweza kuuacha palepale."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Weye Serikali una maneno. Kaa ule."

Nilikula. Ilikuwa ni wali na mchuzi wa papa, na sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilikula na mtu ananitazama.

*

Sherehe ilifanyika Ukumbi wa Taifa, mbele ya wageni waliovaa vifaa vya kusikilizia tafsiri masikioni. Mheshimiwa Kinguvi alihutubia kwa kirefu. Alisema leo Shwari imeyapita mataifa yote, kwamba mwananchi wetu sasa yuko huru kwenda popote ndani yake mwenyewe, na kwamba barabara za huko zitakarabatiwa. Bi Kidawa alitandika mkeka, akatazama picha kama alivyoamriwa, akanywa kikombe chake kwa kukunja uso, akakaa.

Wageni walingoja. Nadhani walitarajia aanguke, au acheze, au atokwe na povu. Yeye alikuwa ameketi macho wazi, mikono mapajani.

"Amekaa," alisema mkalimani kwenye kipaza sauti.

Baada ya kitambo akasema tena, "Bado amekaa."

Mheshimiwa Kinguvi aliniinamia sikioni. "Mwambie afanye kitu."

"Anafanya, Mheshimiwa."

"Kitu kinachoonekana."

Mgeni mmoja aliuliza kama hicho ndicho kilichokuwa kimekatazwa miaka yote hiyo. Mkalimani hakutafsiri. Halafu harufu ya biriani ikaingia kutoka ukumbi wa pili, na uhuru ukaahirishwa kwa chakula. Wageni walitoka, Waziri akatoka, wapiga picha wakatoka, na askari wa mlangoni alinitazama, akautazama mlango wa biriani, naye akatoka. Tukabaki wawili katika ukumbi wa viti elfu.

Jua lilikuwa linaingia kwa madirisha ya juu. Vidole vya Bi Kidawa vilikuwa vinasuka ukili usiokuwepo. Mara alitabasamu, mara machozi yalimtoka bila uso kubadilika. Nilikuwa na saa ya Serikali mkononi, na muda uliopangwa ulipofika nilishika kipaza sauti kama nilivyofundishwa.

"Kidawa Makame Shengo."

Sauti yangu ilizunguka ukumbi ikanirudia mimi. Nikaita tena na kuongeza namba ya kitambulisho. Hakutikisika. Vidole vilikuwa vimeacha kusuka, na pumzi yake ilikuwa ndogo, inakuja na kuchelewa. Niliogopa, na nasema wazi kwamba sikuogopea kazi yangu. Nilikiweka kipaza sauti chini, nikavua kofia, nikakaa kwenye mkeka kando yake, jambo ambalo afisa mwenye sare haruhusiwi.

Ndipo alipoanza kusema. Alisema pande mbili. Upande mmoja ulikuwa sauti yake. Wa pili ulikuwa sauti nzito, ya mtu aliyezoea kutuma watu.

"Mbona umechelewa?" ilisema ile nzito.

"Nilikuwa naomba ruhusa, dada."

"Ruhusa ya kuja kwangu? Kwa nani?"

"Kwa Serikali."

"Serikali ndiye nani?"

"Kijana mmoja. Mpweke huyo, masikini. Hana hata wa kumwuliza kala nini."

Naripoti kama nilivyosikia. Waliendelea kuzungumza, juu ya sufuria fulani, juu ya mwanamume fulani ambaye wote wawili walimcheka, juu ya siku ya mwisho ambayo Mize aliomba uji na uji ukachelewa. "Nisamehe ule uji," alisema Bi Kidawa, na sauti nzito ikajibu, "Uji gani tena? Nilikuwa sina njaa. Nilitaka ukae." Kisha wakanyamaza kama watu wanaovaa viatu.

"Nisindikize," ilisema sauti nzito. "Mlangoni tu. Usivuke."

Nyayo za Bi Kidawa zilisogea juu ya mkeka, kama mtu anayetembea polepole. Halafu ile sauti nzito ikasema, kwa upole ambao sikuutegemea, "Basi, rudi. Kifaurongo, amka. Vyombo vimeshaoshwa."

Hakurudi. Pumzi ilikuja moja, nami nikangoja nyingine. Nilielewa kwamba anayemwita yuko upande ule, na upande huu hakuna mtu isipokuwa mimi. Nilisogea mpaka sikioni pake. Jina lenyewe lilikuwa kosa la jinai, na mimi ni mtumishi mwaminifu.

"Kifaurongo," nikasema.

Kidole kimoja kilicheza.

"Kifaurongo, amka. Vyombo vimeshaoshwa."

Alivuta pumzi ndefu kama mtu anayetoka majini, akageuza shingo, akanitazama muda mrefu.

"Nani kakupa jina hilo?"

"Dada yako."

Aliutafuta mkono wangu akaushika, akalia kama wanavyolia watu waliomaliza msiba. Nilikuwa sijui mkono unashikwaje, nikauacha tu hapo.

*

Baadaye aliniambia asili ya jina. Kifaurongo ni ule mmea mdogo wa njiani unaojikunja majani ukiguswa, ukajifanya umekufa. Yeye utotoni, kila chakula kikiisha, alikuwa anajifanya amelala mpaka Mize amalize kuosha vyombo. Dada yake alikuwa anaosha vyote, kisha anakuja kumwita kwa maneno yale. "Alijua," alisema Bi Kidawa. "Alijua kila siku kuwa sijalala."

Nilipotoa taarifa nilisema mnywaji hakuona kitu kinyume cha sera. Wageni walishukuru kwa biriani wakaandika kwamba Shwari inapiga hatua. Ofisi yangu ikaongezewa bango jipya: Uhuru wa Kuabudu na Kuona. Mheshimiwa Kinguvi alitabiri foleni, akaagiza viti.

Foleni haikuja. Walikuja wachache mwanzoni, kwa aibu, wakiwa na maiti wao vizingitini. Mmoja alikuwa yule Mwenyekiti wa Umoja wa Dini Zilizosajiliwa. Alipanda ngazi asubuhi na mapema, akakaa, akaniambia ana mama hakumsindikiza. Nilimwuliza kama yupo anayelijua jina lake la nyumbani. Alifikiri sana. Akataja kaka aliyefariki, jirani aliyehama, mke aliyemwita kwa majina matatu tangu siku ya harusi. Kisha alinishukuru kwa sauti yake nzuri akateremka. Wote waliofuata walikwama hapohapo. Serikali ilitangaza kwa fahari kwamba tangu uhuru huu utolewe halijatokea tukio hata moja.

Mimi nilizoea kupita kwa Bi Kidawa kila Ijumaa nikitoka kazini. Nilikuwa nasimama mlangoni nikitazama huku na huku kama kuna polisi, kisha naita kwa sauti ndogo, "Kifaurongo." Yeye alikuwa anaitika kutoka ndani, "Naam, Serikali, ingia." Nilikuwa nangoja hiyo "naam" wiki nzima. Siku moja alinishonea mkeka, mwembamba, wa mtu mmoja. Akaniuliza nyumbani kwetu walikuwa wananiitaje.

Nilimwambia sikumbuki. Nilimweleza habari ya kalamu.

Hakucheka. "Halitoki mwenyewe," alisema. "Yupo atakayelikumbuka. Tafuta."

"Si unaniita Serikali?"

"Hilo la mzaha. Wala halitakufikia ukiwa mbali."

Ijumaa moja niliita mlangoni hakuitika. Niliingia nikamkuta amelala juu ya mkeka wake, ukili mkononi, uso umetulia. Nilikaa kando yake. Nilijua alikuwa na tabia ya kujifanya. Nilimwambia vyombo vimeshaoshwa. Nilimwambia mara nyingi, nikainuka, nikaviosha kweli, sufuria na bakuli moja, nikarudi nikamwambia tena.

Tulimzika watu wanne, mimi, Wakili Zamoyoni na wachimba kaburi wawili. Arobaini imeshapita. Mizizi ya mtambuzi ninayo kwenye droo ya meza, na muhuri wa ruhusa ninao mwenyewe. Hakuna mtu katika Shwari nzima aliye huru kuliko mimi. Nikipanda ngazi asubuhi, nikikaa kula mchana, namwona ameketi kizingitini, viatu vyake mkononi, haniharakishi. Ndugu hana, mtoto hana. Wa kumsindikiza nimebaki mimi.

Wakili Zamoyoni amejitolea kunikalia kama mwitaji. Amekuja mara mbili, tumetandika mkeka, tumechemsha maji. Kisha ananiuliza anite nani, nami sina la kumwambia, naye anakunja mkeka taratibu.

Ninachokumbuka ni kidogo. Nyumba ilikuwa na mlango wa bluu na mpapai uani. Mama alikuwa na kikohozi. Alikuwa akiniita kutoka jikoni, neno fupi, la kuchekesha kidogo, na mimi nilikuwa naacha mchezo nakimbia. Kama yupo kati yenu aliyeishi jirani na nyumba hiyo, aliyewahi kulisikia neno lile likipita juu ya ua, namwomba afike ofisini. Ni ghorofa ya tatu. Lifti bado haifanyi kazi, lakini mlango siufungi, na maji ya kunywa yapo.